Mrejesho: spika zimenyamaza

Jamani, nimerudi. Niliuliza juzi kwa nini spika za gari langu zinalia wiiii, na nikikanyaga mafuta mlio unapanda. Aliyesema niangalie ethi ya amplifaya (waya wa hasi wa kile kikuza sauti, unaofungwa kwenye bodi ya gari) alipatia. Kufungua buti, waya umekazwa juu ya rangi, haugusi bati vizuri, na bolti imeliwa na kutu. Chumvi ya Malindi haina huruma. Nikatoa hasi ya betri, nikapiga msasa mpaka bati likang'aa, nikafunga waya mfupi, kama sentimita 40, unene sawa na ule wa chanya, juu grisi. Kimya!

Kumbe fundi aliweka fyuzi ya waya wa chanya kule nyuma, kwenye buti. Nimeihamishia karibu na betri, maana waya ukichubuka njiani, fyuzi ya nyuma haizuii moto. Nyaya za sauti nitazitenga na wa umeme Jumapili.