Yule jamaa wa wiki amenifagia, na leo sinyamazi

Wakuu mnamjua. Sitamtaja, maana akitajwa anatokea, na akitokea ataanza kuninyooshea mabano humu humu. Ni yule wa kwenye wiki, ile tovuti ambayo watu wenyewe ndio wanaandika na kuhariri kurasa, anayeishi kwenye Mabadiliko ya Karibuni, ile orodha ya kila kilichohaririwa, hali, halali, nadhani hata haogi, ukigusa koma saa tisa usiku yeye saa tisa na sekunde moja keshafika.

Sasa sikilizeni. Nimekesha na ukurasa. Ukurasa mzima, una vichwa, una orodha, una viungo, una jedwali moja lililonitoa jasho mpaka kwenye kope. Nikahifadhi, nikaenda kunawa uso. Kunawa uso tu jamani! Narudi hakuna kitu, limekaa lile toleo la zamani lenye mistari mitatu mikavu, nafungua historia, pale kwenye muhtasari wa kuhariri kaandika neno moja:

"Nimefagia."

Na nukta. Ameweka NUKTA. Mtu akiandika "nimefagia" bila nukta unaweza kusema labda alikuwa na haraka, lakini ile nukta ameitafuta, ameibonyeza, akaegemea kiti akajitazama.

Kosa langu eti mistari inaanza na nafasi. Nafasi! Kitu ambacho hata hakionekani! Shuleni nilifundishwa aya inaanza kwa kuingia ndani kidogo, kumbe huku ukiingia ndani kidogo unawekewa sanduku la kijivu na maandishi ya taipureta, sentensi haikunji, inakwenda kulia tu mpaka inatoka nje ya kioo, ukiifuata kwa kidole unafika nyumba ya jirani. Eti viungo nimeweka bano moja moja, bano moja ni la anwani za nje, kurasa za ndani ni mabano mawili. Eti kichwa nimeweka alama ya sawasawa moja kila upande na hiyo ni ya jina la ukurasa, sisi wengine tuanzie mbili. Haya, sawa. Si ungeniongezea hayo mabano? Si kuna ukurasa wa majadiliano? Nimefagia. Nukta.

KalamuKavu: Naweka kambi hapa, siti ya mbele.

BanoLaPili: Pole mkuu. Swali dogo tu, ulibonyeza hakikisho, uone ukurasa utakavyotokea, kabla ya kuhifadhi? Kale kakitufe kako pale pale jirani na Hifadhi.

Mleta mada: Mtu kaniandikia "Nimefagia." wewe unaniuliza habari za kitufe?

BanoLaPili: Kwa hiyo hukubonyeza.

MamaJedwali: Huyo kiumbe namjua vizuri. Mimi nilikuwa naandika ukurasa wa mabomba ya maji, kwenye sentensi nikataka kuwaelekeza watu wakaangalie jamii ya ndege, yaani lile kundi la kurasa zote za ndege (msiniulize kwa nini), nikaweka [[Jamii:Ndege]]. Maneno yakatoweka kwenye sentensi kabisa, kuja kushtuka mabomba yangu yamepangwa na ndege huko chini ya ukurasa, yako katikati ya tai na njiwa. Yule bwana hakunielekeza, kaandika tu "mabomba hayaruki". Baadaye ndo nikaambiwa ukitaka ionekane kama kiungo unatanguliza nukta mbili, [[:Jamii:Ndege]]. Hiyo ningeota wapi?

KalamuKavu: "mabomba hayaruki" 😂😂😂 huyu mtu apewe mshahara

Mleta mada: Mnamcheka na kumsifia mtu aliyeniambia Nimefagia.

HistoriaHaidanganyi: Wakuu nimetoka huko kwenye historia kushuhudia kwa macho yangu. Mleta mada hajasema yote. Lile jedwali lina mlango wa kuingilia halina wa kutokea. Kafungua {| akaweka mistari yake na |- zake safi kabisa, halafu |} ya kufungia hakuna. Ukurasa wote uliofuata, vichwa, picha, marejeo, vyote vimeswagwa ndani ya seli ya mwisho. Nimefungua kwa simu nikadhani simu imekufa.

Mleta mada: Lilikuwa bado linaendelea kujengwa.

HistoriaHaidanganyi: Linaendelea mpaka kwenye marejeo?

NyotaMbili: Mimi sielewi kwa nini bado mnateseka na vitu hivi. Huku kwingine kote nyota mbili kila upande, herufi nene, umemaliza. Nyie mnabonyeza apostrofi tatu kama mnapiga morse. Mbili italiki, tatu nene, tano vyote kwa pamoja, nne sijui inakuwaje na sitaki kujua.

MzeeWaChanzo: Kijana tulia. Kwenye wiki nyota mwanzoni mwa mstari ni orodha, nyota mbili ni orodha ndani ya orodha. Hiyo Markdown yako, huo uandishi wa nyota nyota, imekuja 2004, wiki ya kwanza kabisa duniani, ya Ward Cunningham aliyebuni wiki, ilishakuwa hewani tangu 1995. Na haikuwa na haya mabano mnayolilia, ulikuwa unagandisha maneno HiviHapa na kiungo kinajitokeza chenyewe.

NyotaMbili: Shikamoo. Kwa hiyo tuteseke kwa kuwa nyinyi mliteseka?

MzeeWaChanzo: Marahaba. Ndiyo.

KiambishiMbele: Nyote mnalia vitu vidogo. Mimi ugomvi wangu ni viungo vyenyewe. Kiingereza maneno yao yanabadilika nyuma, kwa hiyo wakaweka ule ujanja kwamba ukibandika herufi baada ya mabano zinaingia kwenye kiungo. Ukiandika [[mji]]ni, "mjini" yote inakuwa bluu, raha mustarehe. Sasa sisi tunabadilika mbele! Nikitaka "vitabu" iende kwenye ukurasa wa kitabu lazima niandike [[kitabu|vitabu]], "waandishi" naandika [[mwandishi|waandishi]], "miti" naandika [[mti|miti]], aya moja naandika kila jina mara mbili, kidole kimeota sugu kwa huo mstari uliosimama. Nilimlalamikia yule yule mnayemsema, akanijibu "zoea".

MamaJedwali: "zoea" bila nukta?

KiambishiMbele: Bila nukta.

Mleta mada: MMEONA??? Wewe kakuheshimu! Mimi kaniwekea nukta!

BanoLaPili: Tumieni kile kihariri cha kuona matokeo papo hapo, hamtakutana na mabano maisha yenu yote.

MamaJedwali: Nilikitumia. Nikasahau nikachapa mabano kwa mazoea, kikaniwekea nowiki, ile alama ya kuyafanya mabano yabaki maandishi tu, kila kona ya ukurasa, ikaonekana kama nimepiga chapa ya maandamano. Nani aliyefika wa kwanza kunifokea, mwajua.

SimuYaZamani: Samahani naingilia, hivi huo mstari uliosimama kwenye simu unapatikana wapi? Mimi huwa nauchukua kwenye kurasa za watu, nakopi, napesti.

KalamuKavu: 😂 mkuu unaiba mistari ya watu

HistoriaHaidanganyi: Bonyeza alama, halafu bonyeza tena kwenda ukurasa wa pili wa alama. Na hayo mabano ya mraba mara nyingi yako huko huko.

Mleta mada: Uzi huu unahusu mimi kufagiwa.

SimuYaZamani: Asante mkuu nimeuona!! Sasa na apostrofi je? Naweka tatu vizuri lakini neno halinenepi, zinabaki zinaning'inia tu pembeni.

NyotaMbili: Simu yako inazipinda. Angalia vizuri, zimekuwa zile za mviringo. Wiki inataka zilizonyooka. Kuna mahali kwenye mipangilio ya kibodi unazima hiyo ya kupamba alama.

Mleta mada: Naomba turudi kwenye mada.

KiambishiMbele: Subiri kidogo mkuu, mwenzetu yuko kwenye mipangilio.

SimuYaZamani: Nimeona "urekebishaji otomatiki" na nyingine imeandikwa "alama mahiri". Nizime ipi?

NyotaMbili: Mahiri.

MzeeWaChanzo: Zote mbili.

SimuYaZamani: Nimezima zote, sasa hata nafasi haiandiki