Jaketi la mvua la ofisini na la bodaboda, bajeti 2,500: ninunue lipi?

NyarAhero aliuliza:

Habari za jioni wadau.

Mimi ni afisa wa mikopo. Ofisi iko Kisumu mjini lakini kazi yenyewe iko kwa vikundi vya akina mama: Kiboswa, Majengo, Luanda, siku nyingine mpaka Chavakali. Matatu hunishusha barabarani, kisha bodaboda hunipeleka ndani. Mvua yetu mnaijua. Asubuhi jua linachoma hadi unajuta kubeba sweta, saa nane wingu limesimama upande wa Nandi, saa tisa na nusu barabara imekuwa mto. Na mkutano hauahirishwi, maana marejesho ni siku hiyo hiyo.

Koti la plastiki la njano ninalo. Linazuia maji, sikatai, lakini nikifika nimelowa jasho kwa ndani, na sura yangu ni ya mtu aliyetumwa kuosha matatu. Mweka hazina wa kikundi akinikabidhi pesa za watu thelathini nataka anione mtu wa ofisi. Meneja naye hapendi rangi za kelele.

Bajeti yangu ni 2,500, nikibanwa sana 3,000. Kuna duka mjini nimeona jeusi, zuri kwelikweli, limekatwa kiunoni, 2,800. Kibandiko kinasema halipitishi maji. Nikaligeuza nikaona bitana tu. Rafiki yangu anasema niende Kibuye kwa mitumba. Mitumba nimeivaa tangu utotoni, si kwamba naidharau, ila jaketi la mvua lililokwisha kuvaliwa na mtu Ulaya nitalijuaje kama bado linafanya kazi? Sitaki kununua jina. Pia mimi ni mfupi, mnene kidogo, mikono ya majaketi mengi hunipita vidole.

BabaBelo alijibu:

Dada NyarAhero, karibu. Mimi nauza majaketi pale Kibuye, kwa hivyo nisome ukijua nina mzigo wa kuuza. Kibanda changu sikutajii, nunua popote.

Hilo la 2,800 lisubiri kwanza. Neno la kibandiko halizuii tone. Tafuta mshono wa bega kwa ndani. Sindano ya cherehani hutoboa kitambaa, na kila tundu ni njia ya maji. Jaketi la mvua la kweli lina utepe mwembamba uliogandishwa kwa moto juu ya mishono, upande wa ndani. Kama kuna bitana, papasa kwa vidole huku na huku, utepe utausikia: unateleza, ni mgumu kidogo kuliko kitambaa. Ukikosa utepe, hilo ni jaketi la upepo. Litakufaa asubuhi ya Kericho, siyo kwa mvua ya saa tisa.

Halafu matone. Muuzaji atalimwagia maji kidogo, yabingirike kama shanga, naye akutazame kana kwamba ameshinda kesi. Ile ni dawa ya juu tu. Hutoka kwa kufuliwa na kuvaliwa, na inaweza kurudishwa. Kinachozuia maji ni utando ulio nyuma ya kitambaa. Ndiyo maana unaweza kukuta jaketi linalokunywa maji kwa nje na ndani ni zima kabisa, na jingine linabingirisha vizuri lakini mabega yamekwisha. Kipimo changu ni hiki: kunja sehemu ya bega ifanye kibonde, mimina maji ya chupa, weka tishu chini yake, kisha anza kupatana bei. Usiwe na haraka. Mkikubaliana na tishu bado ni kavu, lipa. Muuzaji akikataa maji yasimwagwe, msalimie uende.

Sasa ugonjwa wa mtumba wenyewe. Majaketi mengi yamepakwa poliyurethani, aina ya plastiki, kwa ndani, na hiyo huoza polepole kwa unyevunyevu hata likiwa limetundikwa kabatini. Dalili zake ni magamba meupe yanayopukutika, kunata ukigusa, na harufu chachu ya matapishi ya mtoto. Hilo usichukue hata kwa shilingi hamsini, hakuna fundi wa kulifufua. Anza kukagua shingoni, mafuta ya ngozi hula hapo, kisha mabegani ambako mikanda ya begi imesugua. La Gore-Tex, ule utando wenye jina kubwa, ni habari nyingine, kwake mara nyingi utepe ndio hutangulia kubanduka. Lakini utando huo umeuzwa tangu 1976, na nimewahi kushika majaketi yake ambayo nadhani yananizidi umri. Jina si cheti cha kuzaliwa.

Bei za kwangu: lisilo na jina lakini lenye utepe ni 600 hadi 900. Yenye majina, 1,200 kwenda 2,000. Kamera, yaani lile la kwanza kutoka kwenye belo na bado linanukia kabati la mwenyewe, lina bei yake na hapo sikupunguzii sana. Jumapili mapema ndiyo siku. Usije umevaa kadi ya ofisi shingoni, bei itapanda kabla hujasalimia.

Kwa urefu wako, omba rundo la wanawake. Lipo, ila wengi hawaulizi.

Luanda_Stage alijibu:

Madam, Baba Belo amesema kweli, lakini yeye mvua inamkuta chini ya turubai. Mimi inanikuta usoni.

Ukiwa kwenye pikipiki mvua hainyeshi, unarushiwa. Inaingia shingoni, mikononi na kwenye zipu. Zipu isiyo na kifuniko mbele yake itakulowesha tumbo kabla hatujafika Emuhaya, hata kitambaa kiwe cha mfalme. Mikononi kuwe na ule mkanda wa kubandika unaolia krrr ukiuvuta, uukaze. Kofia ya jaketi iwe nyembamba ikae chini ya helmeti. Ukiivaa juu yake, upepo unaijaza na shingo yako inarudi Maseno.

Jambo ambalo abiria hawalijui ni kwamba maji hukusanyika kwenye kiti. Hilo jaketi lako la kiunoni litakuacha umekalia kidimbwi. Tafuta linalofunika makalio. Na maji yote yanayoteremka kwenye jaketi yanakwenda wapi? Mapajani. Kwa hivyo suruali ya plastiki ya 300, ikunje ndani ya begi, uvae juu ya nguo, uivue kabla ya kufika kwa akina mama. Hakuna atakayejua.

Jeusi mimi silipendi. Saa kumi na mbili mvua ikinyesha, lori la miwa halikuoni. Kama meneja anataka rangi ya heshima, chukua bluu iliyokolea lenye mstari unaong'aa mgongoni, au nunua reflekta uvae juu.

NyarAhero alijibu:

Luanda_Stage nimecheka, lakini la kidimbwi ni kweli, nimekikalia. La kiunoni nimeliacha dukani.

Ila kuna jambo la jasho hamjaligusa. Kuna jaketi naliona mtandaoni limeandikwa 10,000 mm, jingine 5,000, na gramu sijui ngapi. Zile namba zina maana kwa mtu wa Kisumu?

MamaShiru58 alijibu:

Niko Nakuru, Section 58, na nilifanya kazi miaka mingi kwenye duka la vifaa vya kupanda milima, kwa hivyo hili naomba nilijibu mimi.

Milimita ni urefu wa maji ambao kitambaa kinaweza kubeba juu yake kabla hayajaanza kupenya. 1,500 ndicho kiwango cha chini kinachotumiwa kuita kitu cha kuzuia maji. 5,000 ni sawa ukitembea. Ukikaa juu ya kitambaa au ukibebea begi zito unakisukuma zaidi, ndiyo maana 10,000 ni nzuri kwako. 20,000 ni ya watu wa mlimani, usilipie.

Gramu ni mvuke wa jasho unaotoka kwa saa 24 kwenye mita moja ya mraba. Hapa ndipo watu hununua ndoto, mpenzi. Mvuke hutoka vizuri pale nje kunapokuwa na baridi na ukavu kuliko ndani. Sisi Nakuru tuko zaidi ya mita 1,800, mvua ikija inakuja na baridi, na jaketi linalopumua linapumua. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, ziwa liko mlangoni, hewa yenyewe imeshiba maji. Mvuke utakwenda wapi? Hata utando wa bei kali utazidiwa. Kwako usihesabu gramu, tafuta zipu za kwapani. Ukishuka kwenye pikipiki zifungue, hewa ipite. Jaketi la 1,200 lenye zipu za kwapani litakufaa Kisumu kuliko la 6,000 lisilo nazo. Na lisiwe na bitana nzito ya pamba au manyoya, hiyo tuachie sisi wa baridi.

Ukilipata, lifue kwa sabuni kidogo ya maji, suuza mpaka povu liishe. Dawa ya kulainisha nguo usiiguse, inaziba. Likikauka, kama kibandiko hakikatazi pasi, weka pasi kwenye moto mdogo, tandika kitambaa chembamba juu, pitisha taratibu. Joto huamsha ile dawa ya juu, na mara nyingi matone yanaanza tena kubingirika bila kununua chochote. Likikataa, kuna dawa za kupulizia.

NyarAhero alijibu:

Nimerudi. Nimelipata Kibuye, bluu iliyokolea, linafunika makalio, kifuniko cha zipu kipo, zipu za kwapani zipo, utepe mzima mpaka kofiani. Aliniambia 1,800, tishu ikakaa kavu, nikamalizia 1,350. Muuzaji alinung'unika kuhusu tishu yangu mbele ya wateja. Suruali ya plastiki nimechukua pia. Leo nimelivaa ofisini na meneja ameuliza nimelinunua duka gani, nikamwambia linatoka Ujerumani.

Swali la mwisho: mikono bado ni mirefu, na kiunoni ni pana. Fundi wangu wa Kondele anasema atalipunguza kote kwa 300. Nimpe?

BabaBelo alijibu:

Ujerumani! Hujadanganya.

Mikono mpe, lakini akunje kwa ndani asikate, na ashone pale pale ukingoni. Matundu ya hapo hayana madhara makubwa, ni karibu na mlango ambao maji yanapita hata hivyo. Ule mkanda wa krrr aubakishe nje. Kiuno asiguse. Akichukua ubavuni atafumua utepe, na yeye hana mashine ya kuugandisha tena. Kama ni pana sana, angalia ndani ya pindo la chini, kuna kamba ya kuvuta. Na umkataze asikushonee kitanzi kipya cha kutundikia pale shingoni. Mafundi wanapenda sana kukuongezea hicho bure.