Mjadala: Kiranja wa bweni aachiwe kutoa adhabu?

Mjumbe wa bodi ya shule, Masasi
Naleta hoja. Zipo shule za bweni ambako viranja wanawaadhibu wadogo zao: kupiga magoti, kudeki, kuchota maji, hata fimbo. Wanaotetea wanasema bila hivyo bweni halikaliki. Mimi nasema uonevu unapitia hapo hapo. Kanuni za Tanzania za viboko shuleni za mwaka 2002 ziko wazi: anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, viboko visizidi 4, na kila adhabu iandikwe daftarini. Kiranja hamo.

Mwalimu wa nidhamu, Nachingwea
Sheria naijua, ndugu mjumbe. Ila chukua bweni la watoto 80 lenye patroni mmoja, naye ana kipindi saa mbili asubuhi. Ukimwondolea kiranja makali yake, nani atawaamsha saa kumi na moja? Nani atazuia kuvunja masanduku? Kiranja asiyeogopwa hasikilizwi. Tuchague viranja wazuri: wanafunzi wapige kura, walimu wachuje.

Matroni, Newala
Mwalimu, kwa heshima, kuamsha na kulinda masanduku ni usimamizi, si adhabu. Kiranja aite majina, aandike, apeleke taarifa. Asihukumu.

Huku bwenini, uonevu wenyewe uko kwenye maji. Kiangazi bomba likikatika, ndoo ya lita 20 ina thamani kuliko daftari. Mkubwa anamtuma njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, amjazie. Njuka anapanga foleni, anajaza, anapeleka, akirudi kujaza yake maji yamekwisha. Hajaoga, kipindi cha kwanza anachelewa, mwalimu anamwadhibu kwa kuchelewa. Kwa hiyo tazameni daftari la wachelewaji kabla ya kushika fimbo: majina yale yale ya kidato cha kwanza yakijirudia, kuna mtu anawatuma.

Kinachosaidia ni hiki. Kila ndoo iandikwe jina kwa rangi ya mafuta, ubavuni, maana kwenye mfuniko zinabadilishwa. Zamu za kuchota zichanganye vidato vyote. Mtu mzima asimame kwenye tenki nusu saa alfajiri na nusu saa jioni. Anayebeba ndoo mbili aulizwe ya pili ni ya nani.

Ofisa ustawi wa jamii, Lindi
Namuunga mkono matroni. Niongeze kwa nini taarifa haziwafikii walimu. Sanduku la maoni linatundikwa mlangoni mwa ofisi, ufunguo anao kiranja mkuu. Nani atatumbukiza karatasi pale? Ataitwa mnoko, yaani mchongezi, kabla ya chakula cha jioni.

Kila baada ya wiki mbili mwalimu wa malezi agawe vikaratasi vinavyofanana kwa darasa zima. Waandike wote dakika 5. Asiye na neno anakili sentensi ya ubaoni, ili kalamu zote ziende na asijulikane nani kasema. Maswali mawili yanatosha: wapi unaogopa kupita, na saa ngapi? Jina la mkosaji msilitafute kwanza. Mkijua ni nyuma ya vyoo baada ya kujisomea usiku, nendeni saa hiyo, mtamkuta.

Kosa jingine linaloniumiza ni suluhu ya kupeana mikono ofisini. Dan Olweus, aliyeutafiti uonevu wa shuleni huko Norway, aliutambua kwa mambo matatu: unakusudiwa, unarudiwa, na nguvu haziko sawa. Ugomvi wa wanaolingana unasuluhishwa. Uonevu unakomeshwa. Mnyonge atasema yamekwisha kwa sababu usiku analala chumba kimoja na huyo aliyempa mkono. Waiteni mmoja mmoja, siku hiyo hiyo wasije wakapanga maneno: aliyeonewa, mashahidi, mtuhumiwa mwisho. Anayehamishwa kitanda ni mkosaji. Pakiwa na jeraha au udhalilishaji wa kingono, shule isijipe kazi ya hakimu. Ni dawati la jinsia na watoto la polisi, au simu 116, haitozwi.

Mzazi, Tandahimba
Mmeng'ang'ania bweni tu. Shule za msingi za kutwa zikifunguliwa baada ya jando na unyago, waliotoka huko wanawaita wenzao msungo, yaani asiyepitia jando wala unyago, na kuwatenga kwenye michezo. Hapo kiranja hahusiki. Makungwi na mangariba waalikwe kikao cha wazazi kabla ya likizo, wao ndio wawakanye vijana wao. Watoto watawasikia kuliko mwalimu mkuu.

Mwalimu wa nidhamu, Nachingwea
La ndoo na la vikaratasi nayapokea. Nabaki na wasiwasi mmoja: kiranja akiripoti Jumatatu na hadi Alhamisi hakuna aliyeshughulika, ataona anachezewa. Fimbo itarudi kimyakimya, tena gizani.

Matroni, Newala
Hapo umesema kweli, Mwalimu, na lawama hiyo ni yetu watu wazima. Basi daftari la kiranja lifike kwa mwalimu wa zamu kila asubuhi kabla ya paredi. Kila tukio aandike pembeni hatua aliyochukua, asaini. Mkuu wa shule alipitie Ijumaa, na penye nafasi tupu amwite mwalimu wa zamu, si kiranja.