Kikosi cha mwisho cha Led Zeppelin: walitunyima albamu, au walifanya vyema kuishia pale?

Mwanzisha mada, Kisumu

Wapenzi wa roki wa Kisumu, Nakuru na magharibi yote, hoja hii tumeigombania vya kutosha kwenye meza za vinywaji. Leo tuijadili kwa utaratibu.

Tarehe 10 Desemba 2007, Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, walipanda jukwaa la ukumbi wa O2 jijini London kumkumbuka Ahmet Ertegun, mwanzilishi wa kampuni ya Atlantic iliyotoa rekodi zao za kwanza. Robert Plant aliimba, Jimmy Page akashika gitaa, John Paul Jones besi na kinanda. Kwenye ngoma aliketi Jason Bonham, mwana wa John Bonham, yule ambaye kifo chake Septemba 1980 ndicho kilichoivunja bendi. Inasemekana maombi ya tiketi yalifika milioni 20, kwa ukumbi wa watu 20,000 hivi.

Kikosi hicho kilipiga onyesho moja kamili, kikatawanyika. Studio hakikuingia kamwe.

Mimi nasema hiyo ni hasara kubwa, na nasema kwa kusikiliza, si kwa mapenzi tu. Rekodi ya usiku ule ilitolewa mwaka 2012 kwa jina la Celebration Day. Sikilizeni For Your Life. Wimbo huo ni wa mwaka 1976, na bendi ya awali haikuwahi kuupiga mbele ya watu hata mara moja. Maana yake Jason hakuwa na onyesho lolote la baba yake la kuiga. Ilibidi autafutie mwendo wake mwenyewe, na Page na Jones wakamfuata alikokwenda. Mahali pale ndipo nasikia bendi mpya, watu wanne wanaotafutana na kupatana. Bendi iliyofika hapo ilikuwa na albamu ndani yake. Nani anapinga?

Mchangiaji, Nakuru

Napinga mimi, ndugu yangu, na napinga kwa heshima.

Kwanza, Desemba 1980 hao watatu waliobaki walitangaza wazi kwamba hawawezi kuendelea bila rafiki yao. Pili, tumeshaona wakijaribu kurudi. Julai 1985, kwenye tamasha la hisani la Live Aid kule Philadelphia, walisaidiwa na Phil Collins na Tony Thompson kwenye ngoma, na kila anayeijua bendi hii anajua ilivyokuwa: mazoezi haba, sauti ya Plant imekwaruza, gitaa halikai sawa. Tatu, Page na Plant walitoa albamu ya nyimbo mpya mwaka 1998, Walking into Clarksdale. Niambieni ni wangapi hapa wanaweza kuimba hata kiitikio kimoja cha albamu hiyo.

O2 ilifana kwa sababu walifanya mazoezi ya nyimbo walizokwisha kuzitunga wakiwa vijana. Kupiga vizuri na kutunga ni kazi mbili mbalimbali. Wewe umesikia ya kwanza, ukaahidiwa ya pili na moyo wako.

Mchangiaji, Kakamega

Kaka wa Nakuru, hoja ya 1998 ina uzito, lakini umesahau kwamba Jones hakuwemo, na kwenye ngoma alikuwa mtu mwingine. Huwezi kutumia nusu ya bendi kuihukumu bendi nzima.

Mimi nataka kuongea juu ya Jason, kwa sababu huku kwetu jambo lake tunalielewa. George Mukabi, fundi wa omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya, kutoka Kisa, aliuawa mwaka 1963. Alichotuachia ni rekodi chache za santuri, gitaa likienda na chupa ya Fanta inayokwaruzwa kwa mdundo. Baadaye mwanawe, Johnstone Mukabi, akaushika mtindo ule ule. Anayemsikiliza kwa makini hasikii marehemu amefufuka. Anasikia vidole vingine kwenye njia ya baba. Angekatazwa kurekodi kwa sababu jina ni la baba, omutibo ungekuwa wapi leo?

Jason alikuwa na miaka 14 alipofiwa. Mwaka 2007 alikuwa mtu mzima wa miaka 41, mpiga ngoma kamili. Kumwacha apige nyimbo za enzi za marehemu tu, bila hata moja iliyotungwa naye yumo, mimi naona ni kumpa kiti na kumnyima chakula.

Mchangiaji, Kondele

Mkumbuke na TPOK Jazz, bendi ya Franco kule Kongo. Franco alifariki Oktoba 1989, vijana wake wakaendelea kurekodi, na walikuwa bado wakali. Kufika 1993 jina likafa, Lutumba Simaro na wenzake wakaanza Bana OK. Nyimbo walizorekodi katikati hapo bado tunazo. Jina liligombaniwa, muziki ukabaki.

Mchangiaji, Nakuru

Dada wa Kakamega, nimekusikia juu ya Jason, na hapo sina ubishi. Tatizo langu ni Plant. Miezi miwili kabla ya O2 alikuwa ametoa Raising Sand na Alison Krauss, na mwaka 2009 albamu hiyo ikashinda Grammy ya albamu ya mwaka. Huyo ni mwimbaji aliyepata njia mpya inayoifaa sauti yake ya uzeeni. Mnataka arudi kupiga kelele za miaka ya sabini kwa sababu sisi tuna kiu? Sauti ni mwili wa mtu. Hakuna shabiki mwenye haki juu yake.

Mwanzisha mada, Kisumu

Juu ya Plant tumekubaliana, omera. Hakuwa na deni kwetu, na Raising Sand ni kazi nzuri mno.

Lakini Page, Jones na Jason hawakusimama. Mwaka 2008 waliendelea na mazoezi watatu, wakajaribu waimbaji, akiwemo Steven Tyler wa Aerosmith na Myles Kennedy wa Alter Bridge. Januari 2009 meneja wa Page akatangaza kuwa yamekwisha. Hapo ndipo lawama yangu inapolenga sasa. Walikwama kwa kutafuta mtu wa kusimama mahali pa Plant, wakati wangeweza kufunga mlango wa studio watatu tu, bila mwimbaji, kwa jina lingine kabisa. Na kama mnadhani hawakuwa na jipya la kutunga, tazameni Jones: mwaka huohuo wa 2009, akiwa na miaka 63, alitoa albamu nzima ya nyimbo mpya na Dave Grohl na Josh Homme katika bendi ya Them Crooked Vultures.

Mchangiaji, Nakuru

Albamu ya ala tupu, bila jina la Zeppelin? Nani angeinunua?

Mwanzisha mada, Kisumu

Mimi ningeinunua, na dada wa Kakamega angeinunua. Santuri za Mukabi pia hazikurekodiwa kwa sababu mtu alihesabu wateja wa miaka 60 baadaye.