Je, kulia msibani ni upungufu wa imani?

Msharika, Moshi
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jirani yangu amefiwa na mtoto wake wa darasa la kwanza. Nilikuwa nimeketi naye mkekani, amekumbatia sare za shule za marehemu, analia kwa sauti, ndipo mzee mmoja wa kanisa alipomwambia anyamaze, kwa kuwa kazi ya Mungu haina makosa na Mkristo haombolezi kama asiyemjua Mungu. Mama yule akanyamaza kama mtu aliyekemewa. Je, kulia ni kukosa imani? Na mimi niliyelia pamoja naye, nilimfariji au nilimwongezea uchungu?

Mwinjilisti, Iringa
Ndugu msharika, naomba tuisome Yohana 11 taratibu. Yesu alifika Bethania Lazaro akiwa kaburini siku ya nne, na alikwisha kuwaambia wanafunzi wake kwamba anakwenda kumwamsha. Alijua, basi, kwamba kilio kile kingegeuka furaha muda si mrefu. Hata hivyo alipomwona Mariamu analia, pamoja na Wayahudi waliofuatana naye, aliugua rohoni, naye "akalia machozi". Kama tumaini la ufufuo lingekuwa linakataza machozi, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kutolia. Jambo jingine linalonigusa sana ni kwamba Martha na Mariamu walimwambia maneno yaleyale, kwamba kama angalikuwapo ndugu yao hangalikufa, lakini Martha alijibiwa kwa mafundisho juu ya ufufuo na uzima, na Mariamu akaliliwa. Bwana alimtazama kila mfiwa jinsi alivyokuwa. Hukukosea.

Mchungaji mstaafu, Dodoma
Nakubaliana na mwinjilisti, ingawa nadhani yule mzee alikuwa na 1 Wathesalonike 4:13 moyoni, na nia yake huenda ilikuwa njema. Paulo, hata hivyo, hakusema tusihuzunike, alisema tusihuzunike kama wasio na matumaini, na katika Warumi 12:15 anaagiza waziwazi: "lieni pamoja nao waliao." Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kunena neno, na hapo walikuwa wafariji kwelikweli, walipoanza kumweleza sababu za mateso yake ndipo walipomtaabisha. Tukumbuke pia kwamba yale maneno ya "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", tunayoyachapa kwenye ratiba za mazishi, aliyasema mfiwa mwenyewe. Hakuna rafiki aliyemwekea kinywani.

Mama wa jumuiya, Mwanza
Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu wameeleza Maandiko vizuri. Mimi naongeza la baadaye. Matanga yakishaanuliwa, turubai likarudishwa na wageni wakapanda mabasi, nyumba hubaki kimya, na huo ndio wakati huruma yetu hupungua. Usimwambie jirani yako akuite akihitaji kitu, maana hatakuita. Nenda na unga, fua nguo zilizolundikana, keti naye hata kama hamsemi. Mtaje mtoto kwa jina, kwa sababu wengi huliepuka wakidhani wanamsaidia. Na baba wa mtoto naye atafutwe na wanaume wenzake wa jumuiya, kwani msibani yeye alishinda akihangaikia jeneza na usafiri, na sidhani kama kuna aliyeketi naye.