Maonyesho ya magari: Ioniq 5, Atto 3 au RAV4 mpya? Naomba ushauri kabla sijaweka advansi

SitiYaKati:
Salaam wakuu. Maonyesho bado yanaendelea na nitarudi tena bandani. Nimechuja mpaka yamebaki matatu. Naandika nilivyoyaona, mnirekebishe, halafu mniambie nikirudi nikague nini.

Hyundai Ioniq 5 (ya umeme): kwenye picha inaonekana kigari, ukisimama pembeni yake ni gari hasa. Ndani peupe, sakafu tambarare, siti ya nyuma inasogea. Imevalishwa rimu za inchi 20, imependeza kweli.

BYD Atto 3 (nayo ya umeme): mfuko wa mlangoni umefungwa nyuzi kama za gitaa, na zinalia ukizigusa. Watoto hawataziacha salama. Skrini inazunguka, ikasimama au ikalala. Siti nzuri, buti naliona dogo.

Toyota RAV4, kizazi kilichotambulishwa 2025, ambacho kwenye masoko mengi ni haibridi (petroli na umeme pamoja), hakina tena toleo la petroli tupu: sura ya kibabe, milango inafunga kwa uzito. Hakuna kilichonishangaza, na pengine ndiyo maana naiamini.

Tuko watano: mimi na mwenzangu, watoto wawili wa siti za watoto, na bibi yao anayekaa katikati. Mwendo mwingi ni wa mjini, safari ya km 400 mara mojamoja. Nyumbani naweza kufunga chaja. Nawasilisha.

TorkiTu:
Mkuu, kwanza elewa kinachosimamishwa bandani: karibu kila mara ni toleo la juu kabisa, limejazwa kila cha ziada. Omba karatasi ya matoleo, simama nayo kando ya gari na ukate kwa kalamu kila ambacho toleo lako halina. Taa, siti za umeme, spika, kioo cha paa, rimu. Unaweza kukuta nusu ya kilichokuvutia kimeondoka.

Hizo rimu za 20 ndizo za kuanza nazo. Ioniq 5 huja na 255/45R20 au 235/55R19. Piga hesabu ya ukuta wa tairi (namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia yake, ya mwisho ni inchi za rimu): 255 × 0.45 ni milimita 115, 235 × 0.55 ni milimita 129. Kimo cha gurudumu zima kinakaribiana, ila ya 19 ina sentimita moja na nusu zaidi ya mpira kati ya rimu na shimo. Rimu ya 20 inapinda mapema, tairi yake ni ghali zaidi, safari inakuwa ngumu, na umeme unaliwa zaidi. Kwa matumizi yako chukua 19 bila kufikiria mara mbili.

DizeliMpakaMwisho:
RAV4. Funga uzi.

Kilowati:
@DizeliMpakaMwisho uzi haufungwi hivyo, mkuu. Mtu ana chaja nyumbani na mwendo wake ni wa mjini, umeme unastahili kupigiwa hesabu kwanza.

SitiYaKati, namba kubwa ya kilomita iliyobandikwa kwenye kibao iache. Uliza imepimwa kwa kipimo gani. CLTC cha China ndicho chenye ukarimu kuliko vyote, WLTP cha Ulaya kinafuata, EPA cha Marekani ndicho kinachokaribia barabara kuu. Gari lilelile linaweza kubeba namba tatu tofauti. Wewe chukua ukubwa wa betri ugawe kwa matumizi.

Atto 3 ya 60.48 kWh (kWh ni kiasi cha umeme betri inachobeba, kW ni kasi ya kuujaza) inatangazwa km 420 za WLTP. Barabara kuu, mwendo wa 110, kiyoyozi kikiwaka, weka 19 kWh kwa km 100. Ukitoka na 100% hadi ibaki 10% umetumia takriban 54 kWh, sawa na km 284. Kwa safari yako ya 400 zinabaki km 116, yaani 22 kWh za kuongeza njiani. Chaja ya kW 50 itakusimamisha kama nusu saa.

Ioniq 5 ya 84 kWh, weka 20 kwa km 100 kwa sababu ni nzito na pana. Kutoka 100 hadi 10 ni km 378. Utasimama dakika chache tu, au utapunguza mwendo ufike bila kusimama.

Sasa hapo kwenye kuchaji ndipo muuzaji atakapoanza kuimba. Ioniq 5 ni ya volti 800, na ile 10 hadi 80% kwa dakika 18 ni kweli, lakini inataka chaja ya kW 350 na betri yenye joto linalofaa. Ukiichomeka kwenye chaja ya kW 50, asilimia 70 ya 84 ni karibu 59 kWh, hiyo ni saa moja na dakika kumi kwa uchache. Atto 3 ina kikomo cha kW 88. Kwenye chaja hiyohiyo ya 50 inamaliza asilimia zake 70 kwa dakika 50 hivi, kwa sababu betri yake ni ndogo. Kwa hiyo kabla ya kulipia volti 800, angalia njia unayosafiria ina chaja za ukubwa gani.

Nyumbani zote ziko sawa. Fezi moja ya ampea 32 inatoa kama kW 7, usiku mmoja unatosha. Tofauti ni tabia ya betri: ya BYD ni LFP (lithiamu yenye chuma na fosfeti, haina nikeli), unashauriwa kuijaza hadi 100% mara kwa mara ili kipimo cha chaji kisipotoke. Ya Hyundai ina nikeli, kwa siku za kawaida iishie 80%.

Na uliza kuhusu ICCU, kile kifaa kinachochaji pia betri ndogo ya volti 12. Mwaka 2024 Hyundai iliita magari ya umeme kurekebishwa kwa ajili yake. Muuzaji akijifanya hajawahi kulisikia hilo jina, umeshajua utakuwa unashughulika na nani siku ya matengenezo.

MamaSitiTatu:
Mbona wote mko kwenye betri na bibi hamjamuuliza anakaa wapi?

Ndugu, nenda bandani na siti zote mbili za watoto, zibebe tu, usione aibu. Zifunge kwenye ISOFIX (vishikizo vya chuma vya siti za watoto) kushoto na kulia, halafu mtu mzima mwenye kiuno kama cha bibi akae katikati na AFUNGE MKANDA mwenyewe. Tatizo si upana wa gari. Tatizo ni kitako cha siti ya mtoto kinachofunika kifungio cha mkanda wa kati, na mkono wa bibi hauingii. Siti nyembamba ya mtoto inaweza kuokoa gari ulilolipenda.

Jaribu pia mapaja. Rekebisha siti ya dereva kwa urefu wako, kisha kaa nyuma yake. Magari ya umeme yana betri chini ya sakafu, kwa hiyo miguu inapanda na magoti yanakuja juu. Pitisha kiganja chini ya paja: kikipita bila kugusa, mwenye siti ataumwa kiuno safari ya saa nne, hata kama nafasi ya magoti ni kubwa kama ya Ioniq 5. Kioo cha paa nacho kinakula nafasi ya kichwa. Kaa mgongo wima, ngumi ipite kati ya kichwa na paa.

SitiYaKati:
Hilo la kifungio sikuliwaza kabisa, asante dada. RAV4 je, kuna cha kukagua zaidi ya jina? Nafasi kati ya boneti na fenda niliona hazilingani kushoto na kulia, nikashtuka.

FundiBoneti:
Usishtuke bado. Magari ya maonyesho mengine huwa ya majaribio, yameunganishwa kabla kiwanda hakijaanza uzalishaji kamili. Muulize muuzaji. Kama ni la majaribio, mapengo ya bodi na mlio wa plastiki havikuambii chochote kuhusu litakalokufikia. Mpangilio wa siti, kimo cha sakafu ya buti na mahali pa vitufe ndivyo havibadiliki, pima hivyo.

RAV4: mfumo wa haibridi wa Toyota hauna klachi ya kuungua wala mikanda ya giaboksi, gia za sayari na mota mbili zinafanya kazi yote. Kinachosumbua ni kidogo na kinazuilika. Haibridi zao nyingi zina tundu la kupooza betri maeneo ya siti ya nyuma, lenye chujio. Muuzaji akuonyeshe liko wapi kwenye kizazi hiki. Mabegi yakiliziba au vumbi likijaa, feni inapiga kelele, betri inapata joto na maisha yake yanafupika.

Kwa yote matatu, inua zulia la buti. Magari mengi ya umeme hayana spea, yana chupa ya dawa na pampu. Dawa hiyo inaziba tundu la msumari, haizibi tairi lililochanika ubavuni, na ina tarehe ya kuisha. Halafu soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango, tafuta uzito wa mzigo unaoruhusiwa. Watu watano na mabegi wanafika kilo 400 kirahisi.

Kioo cha mbele: kamera ya breki za dharura iko nyuma yake. Kikipasuka, kubadilisha peke yake haitoshi, kamera lazima ipimwe upya. Uliza nani anaipima na kwa bei gani, maana kioo kimoja kinageuka bili mbili.

Vya mwendo, yaani breki, kelele ya upepo, uzito wa usukani, bandani huvipati. Gari limesimama kwenye zulia. Usiweke advansi kabla ya kuliendesha.

TorkiTu:
Na ukiliendesha, liwe na rimu zilezile unazoagiza. Wakikuletea la 20 wakati oda yako ni 19, umejaribu gari la mtu mwingine.

SitiYaKati:
Sawa wakuu. Advansi yenyewe niandikishe nini?

FundiBoneti:
Toleo kwa jina kamili, ukubwa wa betri au injini, saizi ya tairi, rangi, aina ya tundu la kuchajia, mwaka wa kutengenezwa (usikubali "modeli ya" peke yake), siku ya mwisho ya kukabidhiwa, na kwamba advansi inarudi yote ikipita siku hiyo au kimoja kati ya hivyo kikibadilika. Gari likifika, soma tairi kabla ya kusaini: tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2325 ni wiki ya 23 ya 2025. Tairi likiwa na zaidi ya mwaka kwenye gari "jipya", uliza lilikuwa limeegeshwa wapi muda wote huo, na betri ya volti 12 ipimwe mbele yako.