Kadi ya 2011 imevalishwa jina la 2016, halafu naambiwa mali ikishauzwa hairudi

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Kadi ya grafiki, ile inayochora picha kwenye kioo, iko mezani, bisibisi mkononi na hasira kifuani, kwa hiyo nisomeni hadi mwisho kabla hamjaanza "pole mkuu" na "si ungeuliza kwanza".

Nimejinyima miezi tisa. Nafanya kazi steshenari, nachapa CV za watu na kutoa kopi, kwa hiyo mnajua akiba ya namna hiyo inavyokusanywa: leo elfu tatu, kesho jero, keshokutwa unakula uliyoweka jana. Ikafika milioni moja na laki moja. Sikutaka makubwa. GTA V icheze kwa 1080p bila kugandaganda, na mpira nimfunge mdogo wangu ambaye siku hizi akishika pedi hatusalimii. Mambo ya taa za rangi na kesi ya vioo niliwaachia wenye nazo.

Kariakoo siku ya kwanza tu nikaona kwamba kule hawauzi kompyuta, wanauza majina. Kijana ananitolea Dell ya ofisini, mtumba, imebandikwa karatasi "GAMING i7". Namuuliza, i7 ya kizazi gani? "Bosi, i7 ni i7." Nikamwomba aiwashe, naangalia prosesa: i7-3770. Hiyo ni ya 2012! Ina kore 4 (vichwa vya kukokotoa) na nyuzi 8 (kazi inazoshika kwa pamoja), sawa, lakini i3-12100 ya 2022 nayo ina 4 na 8 hizo hizo na inaiacha mbali sana. Ila nani atalipa pesa nyingi kwa kitu kinachoitwa i3? Na hiyo ya kizazi cha tatu haimo kwenye orodha ya prosesa za Windows 11, wakati Windows 10 Microsoft walishaacha kuihudumia kama kawaida tangu 14 Oktoba 2025. Duka la pili wakanipa OptiPlex 9020, eti "hii unaweka kadi yoyote ile". Kadi yoyote kwa umeme upi? Pawasaplai yake, kile kiboksi cha umeme, inaingia kwenye mazabodi (bodi kuu) kwa pini 8 badala ya 24 za kawaida, kwa hiyo hata ukitaka kubadilisha uweke kubwa, unaanza kusaka adapta.

Nikaona bora niunge mwenyewe kipande kimoja kimoja. Prosesa na mazabodi nilipata kwa jamaa aliyekuwa anapanda daraja: Ryzen 5 2600 na B450, vyote vizima, alinifungulia nikaviona vinafanya kazi. Huyo namwombea dua hadi leo. Shida ilianza niliporudi madukani.

RAM nilitaka mbili za 8GB. Akanipa moja ya 16, "si ni ile ile mkuu, tena unabakiza nafasi". Si ile ile! Fimbo moja inapita njia moja, mbili zinapita njia mbili kwa pamoja, na kwenye gemu Ryzen za zamani zinaliona hilo vizuri tu. Lakini nilikuwa nimechoka, jua la saa nane, nikachukua. Hilo nalimeza, kosa langu.

Pawasaplai ndiyo ilinitoa jasho. Boksi limeandikwa 500W kwa herufi kubwa kama bango la injili. Kuinyanyua, nyepesi kama kopo tupu la maziwa ya unga. Nikaigeuza nikasoma ile karatasi ya ubavuni, ambayo nawasihi msome kabla hamjatoa hela: laini ya 12V, ampea 16. Piga hesabu, 12 mara 16 ni wati 192. Prosesa na kadi vyote vinakula kwenye laini hiyo ya 12V, sasa hizo 500 ziko wapi? Na nyuma ina kile kiswichi chekundu cha 115 na 230. Umeme wetu ni 230. Mtoto akikichezea kikakaa 115 halafu ukawasha, utausikia mlio na harufu utaipata. Niliirudisha palepale kaunta, muuzaji akanicheka, "wewe fundi au mteja?" Nikaenda duka jingine nikalipia zaidi kupata yenye alama ya kweli ya 80 Plus Bronze, ya kutopoteza umeme, na kwa sababu hiyo hela ya kadi ikapungua. Hapo ndipo nilipoingizwa mjini.

Kadi ya Nvidia, GTX 1050 Ti, 4GB, laki mbili na themanini. Boksi limefungwa, plastiki juu ya feni, kila kitu kinang'aa. Mzee wa duka ananiita mdogo wangu. "Mdogo wangu hii mpya kabisa, mzigo umeshuka juzi." Akanipa na CD, akasisitiza mara mbili: "Draiva, yaani programu za kuiendesha kadi, weka hizi za kwenye CD tu, usipakue mtandaoni, utaiharibu." Nani katika dunia hii bado anatoa draiva kwa CD? Kengele ililia kichwani, nikaizima mwenyewe. Halafu akasema bila risiti ya mashine ananipunguzia elfu thelathini. Nikakubali. Ndiyo, najua, ukinunua dai risiti. Mmeshanitukana? Haya tuendelee.

Nyumbani ikawaka. Windows ikaandika GTX 1050 Ti, 4GB, nikafurahi kama mjinga. Nikafungua GTA V: fremu tisa kwa sekunde. Tisa! Gari linageuka kona mimi nimeshamaliza kupiga mwayo. Nikapunguza kila kitu hadi mwisho, baada ya dakika chache kioo kikajaa michirizi ya kijani na zambarau, kisha giza. Nikasema labda draiva ni za zamani, nikapakua mpya kutoka Nvidia wenyewe. Skrini ya bluu. Nawasha, bluu. Nawasha tena, bluu.

Jamaa mmoja kazini akaniambia weka GPU-Z, programu inayosoma kadi ina nini ndani. Nikaingia Windows kwa hali salama, nikarudisha yale ya kwenye CD ya mzee, nikaifungua hiyo programu. Wakuu, mbele ya jina la kadi kuna neno FAKE kwenye mabano. Haikunong'ona. Chipu imeandikwa GF116, nanomita 40, kore 192. 1050 Ti halisi, iliyotoka 2016, ni chipu ya GP107, nanomita 14, kore 768. GF116 ni ya ukoo wa GTX 550 Ti ya 2011! Mtu amechukua kadi ya zamani, akaifuta BIOS (programu iliyo ndani ya kadi), akaiandikia jina jipya na kuidanganya iseme ina 4GB, wakati za kweli ni 1GB. Ndiyo maana gemu likitaka kumbukumbu zaidi ya hiyo, michirizi inaanza. Ndiyo maana CD. Draiva za kweli zikiingia zinakutana na chipu zisiyoitarajia.

Na alama ilikuwa mbele ya macho yangu dukani. Kadi ina tundu la VGA, lile la bluu la pini 15. Chipu za ukoo wa 1050 Ti hazitoi tena picha ya analogi. Mimi nililiona lile tundu nikafurahi, nikasema kioo changu cha zamani kitaingia bila kununua waya. Hapo kidogo nilie.

Nikarudi. Mzee hakubabaika hata kidogo.

"Ulipotoka nayo hapa ilikuwa inawaka au haiwaki?"

"Ilikuwa inawaka, mzee, lakini si kadi uliyoniambia."

"Si inawaka? Na jina si limeandikwa hilo hilo? Mdogo wangu, soma hapo chini."

Chini ya kikaratasi alichoniandikia kwa mkono badala ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Kijana wake akaongeza kwamba huenda mimi ndiye niliyeichezea na hizo programu zangu za mtandaoni. Wateja wawili waliokuwa dukani wakaniangalia kana kwamba mwizi ni mimi.

Sasa nyie wataalamu wa humu ambao kila anayeuliza mnamjibu "ongeza hela uchukue RTX", kadi mpya zaidi za Nvidia, mnatusaidia nini? RTX ipi? 3050 yenyewe iko ya 8GB yenye kore 2560 na ya 6GB yenye kore 2304, jina moja, na muuzaji hatakuambia ipi ni ipi. RX 580 za AMD nazo zimejaa za 2048SP, yaani kore 2048, ambazo kwa kore ni RX 570 iliyobadilishwa kofia, maana 580 kamili ina 2304. Nyingi zimechoka kuchimba sarafu za mtandaoni hadi Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022. Mtu mwenye laki tatu hana pa kukosea mara mbili, halafu mnamwambia aongeze!

Nilipo sasa ni hivi. Ryzen 5 2600 haina grafiki yake ndani, kwa hiyo nikiitoa hii takataka kioo kinabaki cheusi, nikiiacha napata Word na michirizi. Mwenye kadi yoyote nzima ya kuniazima wiki mbili, hata GT 710, anitumie ujumbe.

Na Jumamosi saa nne narudi kwa mzee na flashi yenye GPU-Z. Nataka aichomeke kwenye kompyuta yake mwenyewe, mbele ya wateja wake. Aliye karibu na Kariakoo aje tusimame wawili, maana nikiwa peke yangu ataniita tena mdogo wangu.